MTARO UWE NA MWENYEWE

Mji wa Bukoba haulii ukame. Katika mwaka wa kawaida huteremka hapa karibu milimita 2,000 za mvua, kiasi ambacho ndugu zetu wa Dodoma hukipata kwa zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo mvua iliyoipa nchi hii migomba, kahawa na majani mabichi ya mwaka mzima, na hakuna mwana wa Kagera mwenye akili timamu atakayeilaani.

Lakini neema isiyotengenezewa njia hugeuka kuwa balaa. Maji hayamwombi mtu ruhusa. Yakikuta mtaro ulio wazi huteremka hadi Mto Kanoni na kuingia ziwani. Yakikuta mtaro ulioziba hugeuka nyuma na kuingia dukani, jikoni na chini ya vitanda vya watoto. Na yanapoingia hayaingii peke yake. Huja na kila kitu ambacho mji ulidhani umekitupa.

Leo tunapenda kuzungumza na wananchi wa kata ya Buhembe na za jirani yake, wenye maduka na hoteli, na viongozi na watendaji wa Serikali, juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulizungumza, nalo ni mitaro, mabomba ya maji machafu, chemba na makaro. Tunapenda pia watusikilize ndugu zetu wa visiwani, wa Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga, kwa sababu maji machafu ya bara mwisho wa safari yake ni ziwa, na ziwa ndilo kisima chao.

Yupo atakayeuliza kama gazeti halina mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko uchafu wa mferejini. Tunamjibu kwa historia ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha utaratibu wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kuwasogezea wananchi wa vijijini mipango na fedha za maendeleo. Lakini katika kupanga upya, mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na ya miji yakafuata. Kazi za mji zikawekwa chini ya watumishi wa mikoa na wilaya ambao macho yao, kama walivyoagizwa, yalielekea vijijini. Haikupita miaka mingi taka zikajaa mijini, taa za barabarani zikazimika, na mitaro iliyokuwa ikizolewa ikakosa mtu wa kuizoa. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Mwaka huo huo wa 1978 ikatungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na kwa sheria za mwaka 1982 mamlaka za serikali za mitaa zikasimama tena nchini kote kuanzia 1984.

Hatusemi kwamba kipindupindu kililetwa na sheria. Kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia katika maji na chakula cha mzima. Tunalosema ni kwamba kazi ya kuzuia kinyesi kisifike majini ilikosa mwenyewe, na nchi ikalipa. Hilo ndilo fundisho tunalotaka lisisahauliwe: mtaro usio na mwenyewe ni mlango uliofunguliwa maradhi.

Na fundisho hilo halikuishia miaka hiyo. Mwezi Agosti 1869 au 1969 lingeweza kuwa jambo la kusoma vitabuni. Lakini ilikuwa Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam, kikavuka bahari hadi Unguja na Pemba, kikaenea katika mikoa karibu yote. Watu zaidi ya 20,000 waliugua na mamia wakafa. Tena katika mvua za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mafuriko na maporomoko. Si vifo vyote hivyo vilivyosababishwa na mitaro iliyoziba. Lakini kila mahali mvua kubwa inapopiga, penye mtaro mzima maafa hupungua na penye mtaro uliokufa maafa huzidi.

Sasa tujiulize: hapa kwetu mtaro ni wa nani?

Barabara za mitaa na mitaro iliyo kando yake ziko chini ya Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa 2017. Barabara kuu na mitaro yake ziko chini ya TANROADS. Maji safi na majitaka ni kazi ya mamlaka ya maji ya mji, yaani BUWASA, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Taka ngumu ni kazi ya Halmashauri ya Manispaa. Mto wenyewe, kwa kuwa ni chanzo cha maji, uko chini ya bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Na bomba linalotoka bafuni mwa mwananchi hadi kwenye karo lake ni mali yake mwenyewe.

Kila chombo kati ya hivyo kina sheria yake, na hatuna ugomvi na sheria. Lakini tope halijui sheria. Chupa ya plastiki iliyotupwa sokoni ni taka ngumu, na hapo ni ya Manispaa. Ikiviringika hadi mtaro wa mtaa inakuwa mzigo wa TARURA. Ikipita chini ya barabara kuu inakwama katika kalavati la TANROADS. Maji yaliyozuiliwa na chupa hiyo yakifurika na kujaza karo la mtu, BUWASA wanaombwa gari la kunyonya majitaka. Chupa ni ile ile moja, ofisi ni nne, na mwananchi aliyeingiliwa na maji usiku hajui abishe hodi wapi.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mitaro tunaweza kuligeuza neno hilo: usipozibua leo, kesho utajenga nyumba.

Tunaposema haya tunajua kwamba usafi wa jumla upo na unafanyika. Desemba 9, 2015 Taifa liliacha gwaride la sikukuu ya Uhuru likashika fagio na chepeo, na baada ya hapo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawa siku ya usafi. Hilo ni jambo jema na wazee wa mkoa huu wanalikumbuka kwa jina jingine. Mwaka 1973, mkoa wetu ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, watu karibu milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi wakisikiliza redio katika kampeni ya “Mtu ni Afya”, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nguvu ya wananchi si hadithi. Tumeiona.

Lakini tukubaliane pia kwamba nguvu ya siku moja haitoshi kwa kazi ya kila siku. Nani hajaona mtaro ukizolewa asubuhi kwa bidii na nyimbo, tope likalundikwa ukingoni mwake, viongozi wakapigwa picha, watu wakatawanyika, na mvua ya jioni ikalirudisha tope lote lilikotoka? Aliyezoa tope akaliacha ukingoni hajasafisha mtaro. Amelihamisha tope kwa saa chache. Kazi ya kuzibua haijaisha mpaka gari au toroli limeondoa kilichotolewa. Wilaya au kata itakayopanga siku ya kuzoa bila kupanga chombo cha kubebea imepanga nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo isiyo na faida.

Kwa hiyo kazi ya kuzibua inataka mtu wa kudumu, mwenye ujuzi, vifaa na ujira. Hapa tunafika kwenye jambo linalotuuma.

Katika mji wowote wa Afrika Mashariki wapo watu wanaoitwa usiku. Choo kimejaa, chemba inafurika, mgeni wa arusi anatarajiwa kesho. Basi huitwa kijana fulani, aje baada ya giza ili majirani wasimwone, ashuke shimoni na ndoo, alipwe kidogo na aondoke kabla ya alfajiri. Kule Dar es Salaam wamewapa watu hao jina la vyura. Mchana huohuo yule aliyemwita huenda asimpe mkono.

Hii ni dhuluma, na ni hatari ya kifo. Ndani ya karo na mashimo ya maji machafu huzaliwa gesi. Mojawapo hunuka kama yai viza, na hila yake ni kwamba ikizidi huifisha pua, mtu akadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo imemzidi. Nyingine, methani, hailipi pua nafasi yoyote, na huweza kulipuka kwa cheche moja ya kiberiti. Anayeanguka shimoni kwa gesi humvuta na mwenziwe anayeruka kumwokoa, na wa tatu akafuata. India, ambako kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono imekuwa mzigo wa tabaka moja la watu kwa karne nyingi, ilitunga sheria mwaka 2013 ya kuipiga marufuku. Sisi tulioamua tangu 1967 kwamba binadamu wote ni sawa hatuna udhuru wa kumtuma mwenzetu mahali ambapo sisi wenyewe tusingemtuma mbuzi.

Tunasema waziwazi: hakuna mtu wa kushuka katika karo. Kifuniko kifunguliwe na kuachwa wazi, kazi ifanyike kutoka juu kwa gari la kunyonya au pampu, wawepo watu wawili au zaidi, na aliye na moto wa sigara akae mbali. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 haikumwacha nje mzibuaji wa mitaro. Glavu, viatu vya mpira virefu, chanjo ya pepopunda na maji ya kuogea baada ya kazi si zawadi. Ni haki yake kama kofia ya chuma ilivyo haki ya mchimba madini.

Tukitoka kwa mfanyakazi tuingie nyumbani, kwa kuwa mtaro mkubwa huanza kuziba katika sinki dogo.

Mafuta ya kukaangia yanapomwagwa yakiwa moto huonekana kama maji. Yakifika mbele katika bomba hupoa, huganda na kushika ukutani. Chembe za chakula hunasa juu yake, sabuni hugandamana nayo, na tundu la bomba huwa jembamba mwezi hata mwezi mpaka siku moja linafunga. Wengi hudhani dawa ni kumwaga maji ya moto. Maji ya moto huyayusha ganda la karibu na kulisukuma likagande mbali zaidi, mahali ambapo fito ya fundi haifiki. London, mji uliojenga mabomba yake makubwa ya majitaka baada ya uvundo wa mwaka 1858 kuwakimbiza hata wabunge, ilikuta mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta na matambara lenye uzito wa tani 130 na urefu wa mita 250. Mabomba yalikuwa imara, ila wakazi walikuwa wakimwaga vyakula na vitambaa vyao humo. Basi hata tajiri huziba.

Kwa hiyo mama wa nyumbani na mama lishe wafute sufuria kwa karatasi au jani la mgomba kabla ya kuiosha. Mafuta yaliyochakaa yatiwe katika kopo, yakiganda yatupwe na taka. Bafuni kuwe na kichujio cha kunasa nywele. Chooni isiingie pamba, kitambaa wala nepi. Ukiona maji ya sinki yanashuka polepole na kugugumia, usingoje yasimame. Hiyo ndiyo homa ya kwanza ya bomba. Pampu ya mpira ya kuzibulia hugharimu kidogo, na mara nyingi hutosha. Kumwaga asidi kali ni jambo la kuogopwa. Huunguza mikono na macho, hula bomba, na humpiga usoni fundi atakayekuja baadaye kufungua chemba bila kuambiwa.

Anayejenga ajenge kwa kufikiri. Bomba la choo la milimita 100 linataka mteremko wa kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilazwa tambarare maji hutangulia na kuacha mzigo. Kila kona iwe na chemba yenye kifuniko kinachofunguka, maana bomba lisiloweza kufikiwa haliwezi kusafishwa. Kile kiwiko cha bomba chini ya sinki, kinachobaki na maji daima, hakikuwekwa kwa urembo. Maji yale ndiyo mlinzi anayezuia harufu na mende wasipande. Maji ya mvua ya paa yasipelekwe kwenye karo, kwa sababu mvua moja ya Bukoba hulijaza na kulifurisha. Karo nalo likaguliwe kila mwaka na linyonywe kabla tope lake halijafika theluthi moja ya kina chake, kwa familia ya kawaida baada ya miaka mitatu hadi mitano. Wapo wanaongoja usiku wa mvua kubwa, wakafungua tundu na kulitapisha karo mtaroni. Mtu huyo hamwibii Serikali. Anamnywesha jirani yake kinyesi.

Wenye hoteli, migahawa na mabucha wana wajibu mkubwa zaidi. Wajenge kinasa mafuta, yaani sanduku la saruji kati ya jiko na bomba, ambamo maji hutulia, mafuta yakaelea juu, makombo yakazama chini, na maji ya katikati ndiyo yakatoka. Ufundi wake ni mdogo. Shida yake ni moja tu, kwamba hutaka kusafishwa kila wiki, na kinasa mafuta kisichosafishwa ni pambo. Karakana za magari zisimwage oili chafu mtaroni. Saluni ziwe na vichujio. Wauza samaki wasioshee magamba barabarani.

Na hapa Buhembe, kama katika sehemu nyingi za Bukoba ambako nyumba na migomba vinaishi pamoja, tuna aibu yetu maalumu. Mhaya wa kijijini hatupi ganda la ndizi. Hulirudisha kibanjani chini ya mgomba pamoja na nyasi na majivu, na kwa hekima hiyo vibanja vimeishi vizazi na vizazi juu ya udongo uleule unaofuliwa na mvua kila mwaka. Huyohuyo akihamia mjini hulitupa ganda mtaroni. Ganda ambalo kijijini ni mbolea, mjini limekuwa kizibo. Tunaitaka Manispaa ifikirie kukusanya maganda ya masoko na hoteli pasipo kuyachanganya na plastiki, yapelekwe kwenye vibanja vya pembezoni. Mwenye kibanja atayapokea kwa furaha, na mtaro utapumua.

Juu ya plastiki Serikali imekwisha kufanya sehemu yake. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku. Aliyeona mitaro kabla na baada anajua tofauti. Zimebaki chupa na vifungashio, na hizo zinatuomba wavu wa chuma katika kila mdomo wa kalavati na mtu wa kuusafisha wavu huo.

Tuvuke sasa maji tuwafikie ndugu wa visiwani. Kisiwani hakuna bomba kubwa la majitaka. Mara nyingi ni mwamba, nyumba zimesongamana ufukweni, na shimo la choo haliwezi kwenda chini. Maji ya kuoshea dagaa na samaki, maji ya bafu na ya mvua hupita katika vijito vidogo kati ya nyumba, na vijito hivyo vikielekea mahali pa kuteka maji, basi mwambao wote huugua kwa pamoja. Kipindupindu, kuhara na kichocho havihitaji nauli ya boti.

Tena ziwa lenyewe hubadilika. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwezi Mei 2020 likafikia tena kina ambacho hakikuonekana tangu miaka hiyo ya sitini. Ziwa linapopanda, vyoo vya ufukweni huingiliwa na maji, na huku mjini midomo ya mitaro na ya Mto Kanoni husukumwa nyuma, mtaro ukawa hauna pa kumwagia hata ukiwa safi. Kwa hiyo vyoo vya visiwani vijengwe kwa kuinuliwa juu ya ardhi, mbali na ukingo. Kijito cha maji machafu kipitishwe upande mmoja na mahali pa kuteka maji pawe upande mwingine, palipotengwa na kujulikana. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini bila ubishi.

Visiwa vinaweza pia kutufundisha. Mwaka 1988 huko Makunduchi, Unguja, watu waliokuwa wakisumbuliwa na matende na mabusha walitiliwa vyooni punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika maji yote hata mbu wasipate pa kutagia, na wananchi wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na maambukizi yakashuka. Halikuwa jambo la mashine kubwa. Ilikuwa ni kukaa na kujiuliza mbu anazaliwa wapi, kisha kwenda mahali hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na kwa wale wanaodhani ziwa ni kubwa mno kuchafuka, watazame Kampala. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya jiji hilo na kuyamwaga katika ghuba moja ya ziwa letu hili hili, na ghuba hiyo ndiyo mitambo ya maji ya Gaba huchotea maji ya kunywa ya jiji. Uchafu unavyoongezeka, ndivyo dawa na gharama za kuyasafisha zinavyoongezeka. Jiji linalipa kwa mkono wa kulia kile lilichomwaga kwa mkono wa kushoto. Bukoba bado ina nafasi ya kutofika huko.

Basi tunapendekeza haya, na tunawaomba wahusika wayatafakari kabla masika haijaingia.

Kwanza, Mkuu wa Wilaya awakutanishe TARURA, TANROADS, BUWASA, Manispaa na bodi ya bonde katika chumba kimoja, na wasitoke mpaka ramani ya mitaro yote ya mji imeandikwa mbele ya kila mtaro jina la chombo chenye wajibu. Ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila kata na kila mtaa. Mwananchi akiona mtaro umeziba ajue wa kumwuliza, na anayeulizwa asiwe na mlango wa kutokea.

Pili, mitaro mikuu isafishwe mara mbili kwa mwaka kwa ratiba inayotangazwa, kabla ya mvua za masika na kabla ya vuli, na fedha za kubeba tope zitengwe pamoja na fedha za kulizoa.

Tatu, mzibuaji atambuliwe kuwa fundi. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi bomba. Uzibuaji na usalama wa makaro viongezewe uzito humo. Vijana wa kata wajiunge katika vikundi, wapewe vifaa kwa mkopo, wasajiliwe, na Manispaa iwape kazi kwa mkataba. Asiyesajiliwa asiitwe usiku, na aliyesajiliwa asifichwe mchana.

Nne, kibali cha kujenga kisitolewe bila kuonyesha maji machafu yataenda wapi, na leseni ya hoteli isihuishwe bila mkaguzi wa afya kufungua kinasa mafuta na kuona ndani yake. Tumesema kuona, hatukusema kuambiwa.

Tano, mabalozi wa mashina na wenyeviti wa mitaa warudie kazi ile ya zamani ya kupita nyumba hadi nyumba. Shina linajua nani anatapisha karo lake usiku. Likinyamaza, linashiriki.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha hazitoshi. Hazijapata kutosha wakati wowote, wala hazitatosha. Lakini gari la kubeba tope ni rahisi kuliko wodi ya kipindupindu, na siku moja ya kuzoa ni rahisi kuliko mwaka wa kujenga upya duka lililobomoka. Aliye na kidogo ndiye asiyemudu kuzembea.

Wengi wetu tulianza elimu juu ya mkeka wa madrasa kabla ya dawati la Serikali, na somo la awali kabisa tulilopewa lilikuwa maji: yapi ni safi, yapi si safi, na kwamba mtu hasimami mbele ya Mola wake kabla hajajisafisha. Mwalimu yule hakutuambia kwamba usafi unaishia kwenye kizingiti cha mlango. Mwenye kujitoharisha kwa maji safi kisha akayaelekeza machafu kwa jirani amejifunza nusu ya somo.

Mvua ya mwaka huu itakuja kwa wakati wake. Haitasoma tahariri hii, wala haitauliza ni ofisi ipi ilikuwa zamu. Itateremka milimani, itapita mjini na itatafuta njia ya kwenda ziwani. Viongozi na wananchi wa Bukoba na Muleba, chepeo ziko, nguvu iko na sheria ziko. Kilichobaki ni kila mtaro kupata mwenyewe, na kila mwenyewe kuonekana kazini kabla wingu halijatanda.